Namna ya Kuwa Benki ya Supamaketi Ukiwa Longisa

Watu wengi wa Longisa hudhani kufungua benki ni kazi ya matajiri: leseni ya Benki Kuu, jengo la vioo, askari mwenye rungu mlangoni. Si kweli. Ukiwa na ng'ombe watatu wa gredi, sufuria kubwa, chupa za plastiki na lebo yenye picha ya kibuyu, una kila kitu. Jaza mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, panda matatu, ipeleke supamaketi mjini, iache hapo, urudi nyumbani. Umeshakopesha. Mkopo wako hauna riba, hauna dhamana wala siku ya kulipwa, na aliyekopa hakukuomba hata kwa salamu. Hakuna benki ya Nairobi inayothubutu kushindana na wewe kwa masharti hayo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaotaka kuifanya kazi hiyo kwa ustadi. Mwenye kabeji, mayai, asali au nyanya za kandokando ya mto Amala atafaidika vilevile. Nimechagua mursik kwa sababu mbili: inapendwa, na inaharibika. Sifa hiyo ya pili mkopaji wako ataithamini kuliko ya kwanza.

Tena sisi wa Bomet tuna kipaji cha kazi hii tangu utotoni. Longisa si mji wa chai kama Mogogosiek, lakini nani hapa hana shangazi Konoin au binamu anayepeleka majani kiwanda cha Kapkoros? Hao wamesomea kungoja mpaka wakahitimu. Majani yanapimwa leo kituoni, shirika la chai, KTDA, linalipa kiasi cha mwezi, na kilichobaki kinangoja mwaka wa fedha ufungwe Juni, hesabu zikaguliwe, bonasi itangazwe, ndipo ifike karibu mwezi wa kumi. Ikija ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, tunasomewa habari za mnada wa Mombasa. Mtoto aliyelipiwa karo kwa bonasi hatishwi na supamaketi ikimwambia "siku 90". Kwake hizo ni siku chache.

Basi tuanze. Mtafute afisa wa ununuzi. Atakuwa kijana wa rika la mwanao, kitambulisho shingoni, na atakuita mama kwa adabu zote. Mpe chupa aonje. Akisifu, usiharibu mambo kwa kuuliza kuhusu mkataba.

"Mama, sisi hufanya kazi na watu tunaoaminiana," atasema.

"Sawa, kijana wangu," jibu hivyo tu.

Kuna watu wakorofi wanaojua kwamba Sheria ya Ushindani, namba 12 ya mwaka 2010, ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019 na kuwekewa kifungu cha 24A, kinachohusu mnunuzi mkubwa anayemkandamiza msambazaji mdogo. Kifungu hicho kinataka makubaliano yaseme masharti ya malipo, siku ya kulipa, riba ya kulipwa pesa zikichelewa, namna ya kuvunja au kubadilisha mkataba kwa notisi ya kutosha, na njia ya kusuluhisha ugomvi. Ni mambo matano, yanatoshea karatasi moja na nafasi ya saini ikabaki. Wewe usiyataje. Hasa lile la riba. Utaonekana umetumwa na mwanasiasa.

Badala yake utapewa fomu yao, ndefu, ya Kiingereza, maandishi madogo kama punje za wimbi. Weka saini pale palipochorwa msalaba kwa penseli. Kama umesoma mpaka kidato cha nne, jizuie kusoma.

Sasa unalipa kiingilio. Ndiyo, benki inalipa ili ikubaliwe kukopesha. Kuna ada ya kuingiza bidhaa kwenye orodha ya duka, na pengine ada nyingine kwa kila tawi. Kuna kreti za bure za kufungulia biashara. Ukishazoea, duka litafungua tawi jipya, na wasambazaji wote wataombwa kuunga mkono sherehe kwa bidhaa za bure. Nenda, piga makofi, kula keki. Jengo lile limesimama kwa pesa za mursik yako ya mwezi wa pili ambayo hujalipwa bado, na sasa umeleta zawadi ya kulikaribisha. Katika harusi zetu angalau mwenye kutoa ng'ombe huondoka na bibi harusi.

Halafu kuna makato. Kwa lugha ya ofisi yanaitwa rebeti. Maana yake ni kwamba umeuza chupa kwa shilingi 120, duka likakubali 120, na siku ya malipo asilimia fulani inakatwa kwa sababu umeuza nyingi. Ukiuza chache, utaondolewa kwenye rafu kwa sababu umeuza chache. Usitafute mantiki hapo. Ni kama kutafuta siagi kwenye maji ya mto. Kubali, shukuru, endelea.

Utahitajika pia kutoa mfanyakazi. Umtoe mpwa wako aliyemaliza shule, umlipe wewe, asimame ndani ya duka lao akipanga rafu zao, akifuta vumbi lao, na mara nyingine akibeba magunia ya sukari ambayo si yako wala yake. Mfanyakazi wa duka akikosa kuja, mpwa wako ataonyeshwa lilipo fagio. Hapa ndipo benki yako inapoishinda benki nyingine yoyote duniani, kwani hakuna benki iliyowahi kumkopesha mtu pesa kisha ikampelekea kijana wa kumwoshea nyumba.

Sasa kuhusu kuharibika. Mursik inataka baridi. Friji la duka, hata hivyo, linakula umeme, na usiku wateja hawapo, kwa hiyo kuna meneja atakayeona busara kulizima saa tatu na kuliwasha alfajiri. Wewe hutajua. Utakachojua ni kwamba Jumatano utapigiwa simu: chupa arobaini zimevimba, njoo uzichukue, na thamani yake imeshatolewa kwenye hesabu yako. Hasara ya friji lao ni yako. Ukipewa chupa hizo, zibebe kwa heshima mpaka stendi. Usizifungue ndani ya matatu.

Hapo tumefika kwenye kiini cha taaluma yetu, nacho ni kudai. Wengi hukosea hapa kwa kuwa na haraka.

Siku thelathini ulizoahidiwa zikiisha, usipige simu. Siku thelathini za supamaketi hazianzi siku uliyoshusha mzigo. Huanzia mwisho wa mwezi, au siku ankara ilipoingizwa kwenye mtambo, au siku yule dada wa mapokezi aliporudi kutoka likizo ya uzazi. Siku ya arobaini na tano, piga. Utaambiwa ankara haionekani. Hii ni habari njema. Maana yake ofisi ipo na simu inashikwa. Tuma nakala kwa WhatsApp. Siku ya sitini, utaambiwa ankara imeonekana ila haina muhuri wa tawi. Muhuri upo, lakini ulipigwa kwa wino wa samawati, na mhasibu mkuu anapenda mweusi. Siku ya sabini, hundi imeandikwa na inangoja saini mbili. Ya kwanza imepatikana. Mwenye ya pili yuko Dubai.

Wakati fulani utalazimika kwenda mwenyewe. Vaa vizuri. Kutoka Longisa utabadilisha gari Bomet, pengine tena Kaplong, na kama ofisi kuu iko Nairobi, safari ni ya kulala. Nauli usiihesabu. Ukifika, andika jina kwenye kitabu cha wageni, keti kwenye benchi la wasambazaji. Benchi hilo lina elimu kuliko chuo. Utamkuta mwenye mkate wa Nakuru, mwenye mayai wa Sotik, mama wa kabeji wa Olokurto, na mzee wa makamo mwenye sabuni ambaye amekuja na chakula kwenye kontena kwa sababu anajua benchi lile. Huyo wa sabuni ana raha ya ziada: bidhaa yake hutozwa VAT, na KRA huitaka kodi hiyo kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Kwa hiyo amelikopesha duka sabuni, na ameilipa serikali kodi ya pesa ambazo hajaziona. Msalimie kwa mikono miwili.

Mhasibu atatoka saa nane.

"Mama, si ungepiga simu tu usijisumbue?"

"Nilipiga, mwanangu."

"Basi Alhamisi. Alhamisi bila kukosa."

Hakusema Alhamisi ya mwezi gani, na wewe, kwa malezi mema uliyopata, hutamuuliza.

Usiku huo ukirudi, ng'ombe wanataka chakula na dawa ya kupe. Fungua simu, ingia Fuliza. Tangu huduma hiyo ianze Januari 2019, benki za aina yako zimepata pa kukopa: unatozwa ada kila siku ya deni, ili wewe uendelee kumkopesha mtu mwenye matawi katika kaunti kumi bila kumtoza hata senti.

Tupige hesabu kidogo, maana mtu wa benki lazima ajue faida yake. Tuseme unapeleka chupa 100 kwa wiki kwa shilingi 120. Hizo ni 12,000. Malipo yakikaa wiki 13, ambazo ndizo siku tisini na moja, wakati wowote duka linashikilia shilingi 156,000 zako. Sacco ya hapa nyumbani ingekukopesha kiasi hicho kwa asilimia 1 kwa mwezi, ungelipa kama 18,720 kwa mwaka. Huo ndio ushuru unaotoa kwa hiari. Na wakati huohuo mteja aliyenunua chupa yako alilipa palepale kwenye kaunta, kwa M-Pesa au noti, kabla hajatoka mlangoni. Chupa ilikaa kwenye rafu siku tatu. Pesa zake zilikaa kwa duka siku 88.

Naomba niweke kejeli chini kwa dakika moja. Najua wenye maduka wana taabu zao: kodi ya jengo, umeme, wizi wa rafuni, ushindani wa kuuza unga kwa faida ya shilingi mbili. Najua pia kwamba wapo wanaolipa kwa siku waliyosema, na msambazaji yeyote atakutajia wapi. Lakini anayepokea pesa taslimu leo hana hoja ya kunilipa Septemba. Akinilipa Septemba, amechagua. Haya, turudi kazini.

Benki yoyote lazima ijiandae kwa mikopo mibovu, na hapa Kenya tuna historia ya kujivunia. Supamaketi ya Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, na moja ya shabaha zake ilikuwa kuwapa watengenezaji bidhaa wa humu nchini mahali pa kuuzia. Mwaka 2006 ikafunga milango ikiwa imelemewa na madeni. Ikafufuliwa, ikashangiliwa, ikaingia tena kwenye soko la hisa, na kufikia 2015 ilikuwa imefukuza mkurugenzi wake mkuu na kufunga matawi ya Uganda na Tanzania, huku wasambazaji wakidai tena. Kukopesha mara moja ni biashara. Kukopesha waliokuangusha ni wito.

Nakumatt, supamaketi nyingine, ilitoka karibu na kwetu, Nakuru, ilikoanzia kwenye biashara ya magodoro. Tuskys pia chimbuko lake ni Rongai ya Nakuru, na Naivas vilevile; sijui maji ya kule yana nini. Nakumatt ilipanuka hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kila tawi lilipendeza. Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu, Januari 2018 mahakama ikaweka msimamizi, na mapema 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas. Tuskys nayo ikaanza kuyumba mwaka huohuo wa 2020.

Duka likianguka, utagundua tofauti ndogo kati yako na benki za Nairobi. Wao waliandikisha dhamana. Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina foleni yake, na mbele yako wamo wenye dhamana, gharama za msimamizi, mishahara na ushuru; wewe uko mwisho, pamoja na mzee wa sabuni, na jina lenu ni wadai wasio na dhamana. Utaalikwa kwenye mkutano wa wadai. Nenda. Chai hutolewa.

Kama haya yanakuudhi, usijifariji kwamba ni mambo ya Afrika. Mwaka 2013 Uingereza iliweka mwamuzi maalumu wa kusimamia maduka makubwa ya vyakula na wasambazaji wao, Christine Tacon akiwa wa kwanza kushika kazi hiyo. Januari 2016 alitoa ripoti kwamba Tesco ilikuwa imechelewesha malipo ya wasambazaji, wakati mwingine kwa makusudi, ili hesabu zake zionekane nzuri. Hakuitoza faini kwa sababu mamlaka ya kutoza yalikuja baada ya makosa yenyewe. Majani ya Kericho yanauzwa kwenye rafu za nchi ile, kwa hiyo tunaweza kusema kwa fahari kwamba chai yetu na wasambazaji wao wanajua benchi lilelile.

Sasa nakuonya kuhusu tabia zinazoweza kukuharibia benki. Kubwa kabisa ni kulalamika. Mwenye kulalamika huogopa kufutwa kwenye orodha, na hofu hiyo ndiyo nguzo ya mfumo mzima. Ikitikisika, duka litalazimika kwenda kukopa benki halisi, yenye riba. Kwa bahati mbaya kuna walioitikisa. Orchards, kampuni ya yogati, ililalamikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya kuhusu Majid Al Futtaim, wenye supamaketi za Carrefour hapa nchini. Mwaka 2020 Mamlaka iliamua kwamba Orchards ilikandamizwa, na Aprili 2021 baraza la rufaa za ushindani likakubaliana na uamuzi huo.

Hapo mtu angedhani mambo yameisha. Hayakuisha. Walikuja walalamikaji wengine wawili, Pwani Oil, wanaotengeneza mafuta ya kupikia na sabuni, na Woodlands, kampuni ya asali. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kuitoza Majid Al Futtaim faini ya takriban shilingi bilioni 1.1. Ukisoma yale Mamlaka iliyoyakuta, utadhani duka lilinakili mwongozo huu: makato ya rebeti, bidhaa za bure na ada kila tawi jipya likifunguliwa, wafanyakazi wa wasambazaji kupelekwa kufanya kazi madukani. Iliagiza pia mikataba na wasambazaji ibadilishwe, vifungu vya namna hiyo viondolewe. Sheria inaruhusu faini ifike asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na Mamlaka inaweza kuanza uchunguzi yenyewe hata kabla mtu hajaandika barua. Lakini haiwezi kuona ankara iliyo ndani ya sanduku lako chini ya kitanda.

Kwa hiyo anayetaka kuendelea kukopesha, njia ameshaijua. Aliyechoka, na akubali kuitwa mjuaji, afanye haya: kila mzigo ushushwe na karatasi mbili, moja yenye muhuri na tarehe ibaki kwake; kila ahadi ya Alhamisi iombwe kwa ujumbe wa simu, si kwa mdomo; na wauza mursik wa Longisa, Mulot na Sigor waende pamoja kwa afisa wa ununuzi, kwani ni rahisi kumfuta mmoja na ni vigumu kuwafuta wote rafu ikabaki na vumbi. Wakikataliwa, Mamlaka ipo: asali na yogati zimeshalalamika huko, sasa zamu ni ya mursik.

Jumatatu, kabla hujashusha kreti, muulize yule kijana tarehe ya malipo na riba ya kuchelewa, na usubiri hapohapo mpaka aandike.